Mpinzani Aliyeteuliwa na Tume

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani. Ukiiona kwenye ramani yako, basi ramani hiyo imekosewa, irudishe dukani. Ni visiwa vitatu vidogo na mwamba mmoja, vyenye watu elfu kumi na moja, mbuzi wengi zaidi ya hao, na Mtukufu mmoja anayeitwa Mlezi wa Visiwa. Sisi ni milki ya nchi kubwa iliyo mbali, tunayoiita Nchi Mama, ingawa mama huyo hajawahi kuonekana akitupikia. Yeye hutuletea meli ya mchele kila miezi mitatu, nasi humpelekea barua ya shukrani.

Mimi naitwa Haroub, karani wa daraja la tatu katika Tume ya Uchaguzi Mkuu. Kazi ya Tume ilikuwa nyepesi. Kila baada ya miaka minne tulimtangaza Mlezi kuwa amepita bila kupingwa, tukala biriani, tukarudi nyumbani mapema. Sisemi haya kwa majivuno. Zipo nchi ambazo watu hutoana meno wakati wa uchaguzi. Kwetu hata sauti hazikupanda, maana hapakuwa na wa kumpandishia.

Mwaka huo Nchi Mama ilipata waziri mpya wa mambo ya visiwa. Alikuwa kijana, na vijana husoma mafaili. Akatuandikia kwamba uchaguzi si uchaguzi mpaka wawepo wagombea wawili, na kwamba meli ya mchele ingebaki bandarini kwao hadi tupate mpinzani.

Mwenyekiti wetu, Jaji Mstaafu Bakathiri, alituita ukumbini akiwa amevaa joho.

"Makarani wa Taifa," alisema, "tumeingia katika upungufu wa mpinzani. Upungufu huu haukuletwa na mtu yeyote. Umeletwa na ukamilifu wa Mlezi. Hata hivyo tumeagizwa tumpate, na tutampata kwa kufuata taratibu."

Taratibu zilikuwa tayari zimepigwa chapa. Mpinzani awe mtu mzima, asiwe na jamaa wengi, asiwe na sauti kubwa, asipendwe sana wala asichukiwe. Kila karani alitakiwa aandike jina moja. Wenzangu waliandika mashemeji waliogombana nao. Mimi sikuwa na shemeji wala ugomvi, nikaandika jina la jirani yangu. Nakiri mapema, ili nisije nikaulizwa.

Jirani yangu, Nyange Kheri, alikuwa mpima mvua wa Serikali. Kila siku saa moja asubuhi alitembea hadi nyuma ya uwanja wa ndege, akatazama chombo cha kupimia mvua, akaandika alichokiona, kisha akaipelekea redio. Ikiwa ni milimita nne aliandika nne. Ikiwa hakuna, aliandika hakuna. Alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja, na sidhani kama katika miaka hiyo alisema maneno yanayojaza daftari moja. Mkewe, Bi Mafunda, ndiye aliyezungumza kwa niaba ya nyumba. Hawakujaliwa watoto. Kwa kuwa mimi sina mke, Bi Mafunda alikuwa akinipitishia sahani ya chakula juu ya ua, nami nikairudisha imeoshwa.

Tulikwenda kwake mimi na Jaji mwenyewe.

"Bwana Nyange," Jaji alisema, "hongera. Umeteuliwa kumpinga Mlezi."

"Nimefanya kosa gani?" Nyange aliuliza.

"Hakuna kosa. Ni heshima."

"Lakini mimi sina ugomvi naye."

"Na hiyo ndiyo sifa tuliyoitafuta!"

Bi Mafunda alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. "Na akishinda je?"

Jaji alicheka hata akavua miwani ajifute machozi. "Hilo, bibi, halimo kwenye fomu."

Nyange hakucheka. Alinigeukia mimi. "Haroub, wewe unasemaje?"

"Ni wiki tatu tu, Bwana Nyange. Watu wanausubiri mchele."

Akatia saini. Aliandika na saa aliyotia saini, kwa mazoea ya kazi yake.

*

Alama ya Mlezi katika karatasi za kura ilikuwa nanga, imechorwa vizuri hata kutu haikuonekana. Kwa Nyange tulitazama stoo, tukakuta umesalia mhuri mmoja tu, wa ndoo. Tukampa ndoo.

Mkutano wake wa kwanza na wa mwisho ulifanyika katika uwanja wa mpira. Watazamaji watatu wa uchaguzi kutoka Nchi Mama walikwishafika, kwa hiyo polisi waliwaleta watumishi wa Serikali mia mbili wajaze uwanja, na watu wengine wakaja kutazama watumishi wamekaa juani. Hotuba niliiandika mimi. Ilisema: "Ndugu wananchi, mimi ni mgombea. Mgombea mwenzangu ni bora kuliko mimi. Asanteni." Nyange aliisoma kama alivyosoma mvua, bila kuongeza wala kupunguza.

Taratibu zilitaka liulizwe swali moja kutoka kwa wananchi, na tulikuwa tumempa mwalimu mmoja aliulize. Bahati mbaya mwalimu yule alikuwa anatafuta miwani yake. Akamtangulia kusimama Bi Kidawa, mama anayeuza vitumbua karibu na soko.

"Nyange mwanangu, maji yatatoka lini?"

Hapa sina budi nieleze. Miaka miwili nyuma, Mlezi alifungua Bomba la Maji la Milele. Siku ile maji yalitoka dakika tisa, tukapiga makofi dakika kumi. Tangu hapo bomba lilikauka, na redio ikawa inatuambia kila wiki kwamba maji yako njiani.

Nyange aliikunja hotuba yangu, akaitia mfukoni.

"Hayatatoka, bibi."

"Kwa nini?"

"Bomba halikuunganishwa na kitu. Linaishia nyuma ya uwanja wa ndege, limefukiwa mchanga kidogo. Napita pale kila siku. Siku ya ufunguzi lilikuja gari la zimamoto, likatia maji kwa upande ule."

"Una hakika?"

"Nililiona."

Bi Kidawa alitikisa kichwa taratibu, kama mgonjwa aliyeambiwa hatimaye jina la ugonjwa wake.

"Basi nilikuwa nasubiri bure," alisema. "Nitamwambia mwanangu tuchimbe kisima." Akaketi.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikung'uta nguo zao, wakaenda nyumbani. Jaji aliandika katika ripoti yake: Mkutano ulipooza.

*

Kesho yake niliona ndoo imewekwa nje ya mlango wa kinyozi. Sikuona ubaya. Ndoo ni chombo. Keshokutwa yake kila mlango ulikuwa na ndoo, na vijana walizipanga juu ya ukuta wa soko, kubwa kwa ndogo. Mkuu wa Polisi akaenda kisimani, akawakuta kina mama wamepanga foleni.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunateka maji, afande."

"Maji ya chama gani?"

Hawakuwa na jibu, na kwa sheria zetu kukosa jibu ni ushahidi. Jioni redio ilitangaza kwamba kuonekana na ndoo hadharani ni kufanya kampeni nje ya saa zilizoruhusiwa. Ndoo mia nane zikatiwa mahabusu, kila moja na namba yake. Watu wakateka maji kwa sufuria, kwa birika, na bwana mmoja kwa beseni la kumwogeshea mtoto, huku mtoto akilia nyuma yake.

Nyange alinijia ofisini. Sikuwahi kumwona ofisini kwetu.

"Haroub, watu wananisalimia kwa mikono miwili. Mimi naogopa."

"Waambie wasifanye hivyo."

"Nimewaambia. Wananijibu: ahsante kwa kutuambia kweli."

Nilimwonea huruma, nikaenda kwa Jaji kumwomba amruhusu ajitoe. Jaji alinisikiliza kwa upole.

"Fomu ya kujitoa mpinzani ipo?"

"Haipo, Mheshimiwa."

"Na kama ingekuwepo, mchele ungekuja?"

"Usingekuja."

"Sasa unaona," alisema, "jinsi sote tulivyofungwa mikono."

Niliporudi nyumbani Bi Mafunda alikuwa ananisubiri kwenye ua. "Mwanangu, mtoe mume wangu katika jambo hili. Wewe ndiye uliyemtia."

Nilimwambia zimebaki siku tisa tu. Alinipa sahani yangu ya chakula bila kunitazama.

*

Siku ya kupiga kura ilikuwa nzuri mno. Watazamaji wa Nchi Mama walisifu unyoofu wa foleni, wakapigwa na jua, wakaenda hotelini kupumzika. Tulihesabu katika ukumbi wa shule. Ilipofika alasiri hesabu ilikuwa hivi: ndoo elfu nne mia sita na kumi na nane, nanga mia tatu na kumi na moja. Tukahesabu tena. Nanga ikapungua moja, kwa sababu karatasi moja ya ndoo ilikuwa imechanganyika na zake. Jaji akaamuru tusihesabu tena.

Alifunga mlango, akatembea huku na huko mbele ya ubao, joho likiburuza vumbi la chaki. Kisha akasimama.

"Karani Haroub. Wapiga kura waliagizwa waweke alama gani?"

"X, Mheshimiwa, mbele ya mgombea."

"Ulipokuwa shule, mwalimu akikuwekea X kwenye daftari, maana yake ilikuwa nini?"

"Nimekosa."

"Basi! Watu elfu nne na mia sita wamemwambia Bwana Nyange kwamba amekosa. Sijapata kuona mgombea aliyekataliwa kwa wingi namna hii."

Niliandika. Kisha nikauliza, kwa nia njema kabisa: "Na hawa mia tatu na kumi waliomwekea Mlezi X?"

Alinitazama kwa masikitiko, kama mtu aliyeelimisha bure. "Hiyo ni hesabu, karani. Hiyo ni alama ya kuzidisha."

"Nizidishe mara ngapi?"

"Mara zinazotosha."

Waliojiandikisha walikuwa elfu tano na mia moja. Nilijaribu mara kumi, haikupendeza. Nilijaribu mara ishirini, wakazidi watu. Mara kumi na sita ilitosha. Ikawa elfu nne mia tisa na sitini, na hesabu hiyo ni sahihi, unaweza kuikagua. Watazamaji walipoelezwa walitikisa vichwa, wakasema kila jamii ina utamaduni wake wa alama, nao hawakuja kuwafundisha watu kuandika. Meli ya mchele ikang'oa nanga wiki ile ile.

Ilibaki saini ya aliyeshindwa, maana bila hiyo matokeo hayakuweza kuingia kwenye faili. Nyange akaletwa. Aliisoma karatasi mara mbili, akairudisha mezani.

"Siwezi."

"Kalamu hii haiandiki?" Jaji aliuliza.

"Inaandika. Ila sijapata kuandika mvua ambayo haikunyesha."

"Hatuzungumzi habari za mvua, Bwana Nyange!"

"Mimi sijui kuzungumza habari nyingine, Mheshimiwa. Nisameheni."

Ndivyo alivyosema, nisameheni, na alimaanisha. Hakuwa shujaa.

*

Serikali yetu haifungi watu. Wiki iliyofuata redio ilitangaza kwamba Nyange Kheri amepandishwa cheo, awe Mkuu wa Kituo cha Hali ya Hewa cha Mwamba wa Nje. Kituo hicho kilianzishwa asubuhi hiyo hiyo. Mwamba wa Nje ni ule mwamba mmoja niliokutajia: urefu hatua sitini, upana arobaini, hauna mti wala kivuli. Boti ya doria hupita huko mara moja kwa mwezi.

Bendi ya polisi ilimpigia muziki bandarini. Bi Mafunda alikuja na furushi la nguo za wote wawili kichwani, akataka kupanda botini. Afisa akamzuia.

"Nafasi ni ya mtu mmoja."

"Mimi ni mkewe."

"Nafasi ya mke haijatengwa, mama. Labda bajeti ijayo."

Aliufungua mzigo pale pale chini, akatenga nguo za mumewe na zake, huku bendi ikiendelea. Za mumewe akanipa mimi, nikampelekea. Nyange alizipokea, akamwangalia mkewe kwa mbali, akasema neno moja tu: "Rudi nyumbani, Mafunda. Jua kali."

Tangu siku hiyo hakuna sahani iliyopita juu ya ua. Nilikula mkate. Sikulalamika, sikuwa na wa kumlalamikia.

Mwezi wa tano tangu mumewe aondoke, Bi Mafunda aligonga mlango wangu. Alikuwa amekonda.

"Nasikia safari hii utakwenda na boti wewe."

"Ndiyo. Nampelekea tena ile karatasi."

"Mwambie mkewe amesema atie saini."

"Bi Mafunda, una hakika?"

"Mwambie sikulazimishwa. Mwambie nimechoka kupika sufuria ndogo."

Nilimkuta Nyange amekaa chini ya turubai lililochanika, midomo imepasuka, ngozi imeungua hata masikio yanambabuka. Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alifurahi. Alinionyesha daftari lake. Miezi mitano, kila siku na saa yake: hakuna, hakuna, hakuna, milimita mbili, hakuna.

Nilimfikishia maneno ya mkewe kama yalivyo. Alilifunga daftari.

"Alilia alipokuambia?"

"Hapana."

"Basi ni kweli amechoka."

Hapakuwa na meza. Nikainama, akaweka karatasi mgongoni mwangu, nikausikia wino ukipita kwenye shati langu herufi baada ya herufi. Tulirudi naye kwa boti ile ile, daftari lake kifuani. Tulipofika redio ilikuwa tayari inatangaza: Bwana Nyange Kheri, kwa hiari na furaha, ameyakubali matokeo.

*

Alijifungia ndani siku tatu. Madirisha hayakufunguliwa. Watu walipita wakatazama mlango, wakaendelea na safari zao. Nilidhani wamemkasirikia.

Siku ya nne asubuhi alikuja Bi Kidawa na sahani ya vitumbua vyake, imefunikwa kwa kawa. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua, nikinawa uso. Sikusikiliza kwa makusudi, ila masikio hayana mlango.

"Nyange, fungua."

"Nimelala, bibi."

"Aliyelala hasemi."

Sauti yake ilitoka ndani, nzito. "Sina uso wa kukutazama. Nimekuuzeni."

"Umetuuza lini?"

"Jumatatu. Nilitia saini."

Nilimsikia Bi Kidawa akiketi barazani, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda kilima.

"Mwanangu, sisi tulitia zamani. Hata mwezi hukumaliza huko mwambani. Walipita nyumba kwa nyumba na karatasi inayosema X yangu ilimaanisha umekosa. Mimi sijui kusoma, nikatia dole gumba. Kinyozi alitia. Wale vijana wa soko walitia. Ulikuwa umebaki wewe peke yako."

"Wote?"

"Wote. Tena nikuambie: tulikuwa tunaomba usirudishwe."

"Mlikuwa mnaomba nisirudi?"

"Tungekutazamaje?"

Ni kweli. Mimi ndiye niliyebeba karatasi na kidau cha wino, kwa sababu karani wa daraja la pili alikuwa na maumivu ya mguu. Siku kumi na mbili, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyebisha. Wengine walinikaribisha chai.

"Na Mafunda?" Nyange aliuliza.

Sauti ya Bi Mafunda ilijibu kutoka humo humo ndani. "Mimi nilitia wa kwanza. Haroub aliniambia nikitia, utarudi kwa boti ya mwezi ule."

Nilimwambia hivyo, ndiyo. Nami niliambiwa hivyo na Jaji, na Jaji sijui aliambiwa na nani.

Mlango ulifunguliwa. Nyange alitoka na msuli kiunoni na shati lisilofungwa vifungo, macho yakiuma kwa mwanga, akaketi barazani kando ya Bi Kidawa. Bi Mafunda alileta chai, vikombe vitatu. Wakala vitumbua. Mpita njia mmoja alisimama, akatazama, akaja akaketi kwenye ngazi. Kisha mwingine. Hakuna aliyezungumza habari yoyote kubwa. Walisema sukari imeadimika. Walisema mbuzi wa fulani amezaa mapacha.

Nilitaka kwenda. Sijui nilitaka kusema nini, lakini nilijifuta uso, nikavaa shati safi, nikauzunguka ua hadi mbele ya baraza. Watu wote wakanitazama, bila chuki. Wengine walianza kusogea kunipa nafasi, na mmoja wao, bila kujijua, alijifuta kidole gumba kwenye nguo yake.

Bi Mafunda aliweka kikombe chake chini. Aliniuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mtu wa Serikali anapofika nyumbani kwa watu:

"Karibu, Bwana Haroub. Leo umetuletea karatasi gani?"

Sikuwa na karatasi yoyote. Niliinyoosha mikono yangu waione kuwa ni mitupu, na bado Nyange alinyanyuka, akaingia ndani kuitafuta kalamu.